Eda ya Aliyeacha Tembo

Mtu akiacha pombe hapa Pemba hupokewa kwa furaha. Mama yake husujudu, mkewe hupika chakula kizuri, imamu humwombea dua baada ya sala, na jamaa waliokuwa wakimpita njiani bila salamu huanza tena kumwita kwa jina la baba yake. Kila anayekutana naye humshukuru Mungu mbele yake. Yote hayo ni mema na yana wakati wake. Lakini kwa miaka niliyofanya kazi ya kuwashika mkono wanaoacha ulevi, ni nadra mno kumwona mtu akija kumpa pole. Na pole ndiyo anayoihitaji, kwa sababu amefiwa.

Nayasema haya kwa kuwa niliyapitia kabla ya kuyafanyia kazi. Nilikunywa tembo la mnazi tangu ujana, nikanywa gongo, na fedha ilipopatikana nikanywa bia zinazovuka bahari kuja kwetu. Nikaacha, kwa msaada wa watu. Baadaye nikafundishwa unasihi, na sasa kazi yangu ni kukaa na wanaoacha, wengine ndani ya nyumba ya soba, yaani nyumba ya kuwahifadhi wanaoacha ulevi, hapa Chake Chake, wengine majumbani kwao. Huzuni iliyonijia baada ya kuacha ilinitisha kuliko arosto yenyewe. Habari za arosto nilikuwa nimeambiwa: kutetemeka, jasho, kukosa usingizi. Huzuni hakuna aliyenitajia. Nilidhani ni mimi peke yangu, na nilidhani ni dalili kwamba imani yangu ni dhaifu. Nilipoanza kuwasikiliza wengine nikawakuta wote wanayo, na wote wameificha kwa sababu ileile.

Asiyekunywa hudhani kilichoondoka ni kinywaji tu. Hebu tuanze na saa. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Hukata ncha ya panda kwa kotama, kidogo tu, akafunga tena chombo chake na kushuka na kile kilichodondoka tangu alipopanda mara ya mwisho. Tembo likitoka mtini ni tamu. Likikaa saa chache huchacha lenyewe bila kutiwa kitu, na la asubuhi likifika jioni limeshakuwa kali. Kwa hiyo mnywaji wa tembo huishi kwa saa ya mgema. Ikikaribia alasiri mwili wake unajua, kabla sikio halijasikia adhana. Mtu amekwenda hivyo miaka ishirini, na siku anapoacha tembo, alasiri haimwachi. Inakuja kila siku, pana, tupu, na yeye hajui mikono yake aiweke wapi. Ukitaka kumjua aliyeacha karibuni, mwangalie baina ya alasiri na magharibi. Atasimama, atakaa, atatoka hadi barazani, atarudi ndani, atamgombeza mtoto kwa jambo dogo.

Halafu kuna watu. Pemba ni kisiwa cha Waislamu, pahala pa kuuza pombe hadharani ni pachache mno, na tembo hunywewa kando, nyuma ya mashamba, kwenye banda la mgema, baina ya watu wanaojuana. Kunywa kwetu ni siri, na siri huwaunganisha watu kuliko undugu. Wale watano au sita unaokaa nao chini ya minazi wanajua jambo ambalo baba yako anajifanya halijui. Wanajua unadaiwa na nani, unalia kwa ajili ya nani, uliwahi kumpenda nani ukakataliwa. Ukiacha tembo unawaacha na wao. Kuwaaga huwezi, kwa kuwa kuwaaga ni kwenda kukaa nao. Basi unaondoka kimya, na kesho ukikutana nao sokoni kila mmoja anaangalia pembeni. Wao wanaona umewadharau, na wewe unaona umewasaliti. Nimewaona wanaume wazima wenye wajukuu wakilia kwa ajili ya hili, na hawakulia kwa ajili ya chupa.

Na kuna yule mtu uliyekuwa ukishalewa. Mvuvi mmoja, mtu mzima, alijulikana kijijini kwao kwa maneno. Akikaa mahali vijana humzunguka, hadithi moja huzaa nyingine, watu wakacheka mpaka usiku. Alipoacha aligundua kwamba hajui kuzungumza na watu akiwa macho makavu. Hakuwahi kujifunza, maana kila alipozungumza vizuri alikuwa ameshakunywa. Aliniambia: "Yule aliyekuwa anapendwa amekufa, na huyu aliyebaki hata mimi simjui." Familia yake ilikuwa na furaha kubwa wakati huo. Walikuwa wakiniambia siku hizi ametulia. Hakuwa ametulia. Alikuwa katika matanga, peke yake, na hakuna aliyekuja kukaa naye.

Hapo ndipo penye shida yetu. Mtu akifa Pemba hatumwachi mfiwa peke yake. Majirani wanaleta maji na kuni, wanawake wanakaa ndani, wanaume wanakaa nje, watu wanatoka Micheweni na Mkoani, wengine wanapanda boti kutoka Unguja, na kwa siku tatu hakuna anayemwambia mfiwa ajikaze. Tunajua kufiwa. Tuna ustadi huo. Lakini mtu akipoteza saa zake, rafiki zake na nafsi yake kwa mpigo mmoja, tunampongeza na kumwacha aende zake.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia nilipoanza kazi hii. Pombe huahirisha misiba. Mtu aliyefiwa na mama yake akiwa anakunywa hakumlilia mama yake, alilewa. Siku pombe inapoondoka, misiba yote iliyowekwa kando hurudi kwa pamoja, mibichi. Hapa kwetu kuna msiba mmoja ninaokutana nao mara nyingi kuliko mwingine wowote. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilikuwa inatoka Unguja kuja Pemba, imejaza watu kupita kiasi, ikazama katika mkondo wa Nungwi. Siku hizo zilikuwa za baada ya Ramadhani na Idd, watu wanarejea makwao. Shehia nyingi hapa zina jina la mtu aliyekuwamo. Wengi hawakuonekana tena, na asiyeonekana hana kaburi la kusomewa.

Kijana mmoja alikuja kwetu akiwa amekunywa gongo miaka mingi. Siku za mwanzo zilipita, mwili ukatulia, akaanza kula. Mwezi wa pili akaanza kuamka usiku na kwenda kukaa nje akiangalia upande wa bahari. Nilidhani anataka kutoroka. Kumbe kaka yake alikuwa ndani ya meli ile. Alipopata habari, yeye na wenzake walikwenda kunywa, na tangu siku ile hakuwahi kukaa macho makavu kwa muda wa kutosha kulifikiria jambo lile mpaka mwisho. Sasa analifikiria. Angeniambia mapema kuwa anataka kunywa, ningemzungumzia pombe, wakati aliyehitaji kuzungumziwa ni kaka. Tangu hapo, mtu akimaliza wiki za mwanzo, namuuliza: ni nani aliyekufa wakati unakunywa? Ni swali zito, nalo huuliza mambo ambayo maswali ya hospitali hayaulizi.

Kabla sijaendelea lazima niseme habari za mwili, maana sitaki mtu ayasome haya akaacha ghafla peke yake chumbani. Pombe hutuliza ubongo. Ubongo unaonyweshwa kila siku hujirekebisha: hupunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza msisimko, ili mwenye nao aweze kusimama na kutembea. Ukiiondoa pombe kwa ghafla, msisimko ule hubaki bila wa kuuzuia. Mikono hutetemeka, jasho humwagika, moyo huenda mbio, hofu huja bila sababu. Kwa mnywaji mkubwa, kifafa huweza kumpata ndani ya siku 2 za mwanzo, na baina ya siku ya 2 na ya 4 huenda akaweweseka, homa ikampanda, akaona wadudu na watu wasiokuwepo. Hali hiyo huua. Familia nyingi huona mtu amepandwa na shetani, wakamkimbiza kwa mganga. Nawaomba wampeleke hospitali kwanza, iwe Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee kule Mkoani. Wanazo dawa za kumtuliza, ambazo hupunguzwa kidogo kidogo, na hutoa vitamini B1, kwa sababu mnywaji mkubwa huwa amepungukiwa nayo na upungufu huo huweza kumharibia kumbukumbu kwa maisha yake yote. Na mtu wa siku hizo asipande mti. Nimesikia mengi ya mikarafuu na minazi, na mkono unaotetemeka si wa kushika tawi.

Ukishavuka hapo, huja kipindi ambacho hakuna kitu kitamu. Chai haina ladha, pweza hana ladha, mtoto anakuchekea na wewe husikii kitu. Hii pia sehemu yake ni ya mwili: ubongo uliozoea kupewa raha nyingi kwa mkupuo hauzisikii raha ndogo ndogo mpaka ujirudishe. Kwa wengi uzito huu hupungua wiki ya 3 au ya 4, ingawa usingizi huchelewa, pengine miezi. Nawaambia hivyo waziwazi, kwa sababu mtu akijua kwamba kuna sehemu ya huzuni itakayoondoka yenyewe, hupata nguvu ya kuishughulikia ile isiyoondoka yenyewe. Na mwezi ukipita naye bado hali, halali, au anazungumzia kufa, hapo namfikisha kwa daktari, maana sonona ni ugonjwa na una tiba.

Sasa nije kwenye dini, kwa kuwa ndipo ninapoulizwa zaidi, na mara nyingine kwa hasira. Vipi, Mwislamu aomboleze haramu? Huko si kuitukuza?

Jawabu langu nimelipata kwa kukaa na masheikh wenye subira. Katazo la ulevi halikuja siku moja. Aya ya 219 ya Sura ya Al-Baqara ilitangulia, na ndani yake Mola hakukana kwamba watu wanapata manfaa fulani katika ulevi. Alibainisha kuwa dhambi yake inayashinda manfaa hayo. Kisha ikaja aya ya 43 ya An-Nisaa, kuhusu kutoikaribia sala katika hali ya kulewa. Mwisho ikaja aya ya 90 ya Al-Maida, ndipo mlango ukafungwa, na watu wa Madina wakazimwaga pombe zao njiani. Masahaba walipewa hatua. Walipewa muda. Na kabla ya kukatazwa waliambiwa kweli juu ya kile walichokuwa nacho.

Mimi nashika hapo kwenye manfaa. Mtu aliyekunywa miaka ishirini anajua alipata kitu. Alipata usingizi, alipata ujasiri wa kuzungumza, alipata wenzake. Ukimwambia hukupata chochote, ulikuwa unapoteza wakati tu, atanyamaza kwa heshima, na moyoni ataona kwamba hujui unachokisema. Baada ya hapo hatakwambia tena kweli. Lakini ukimruhusu aseme kilikuwepo nini, ataweza kusema na kilichukua nini. Kwa uzoefu wangu mambo haya mawili hutoka kwa mpangilio huo, la kwanza likizuiwa na la pili halitoki.

Tunafanya hivi. Siku moja katika wiki, baada ya sala ya alasiri, tunakaa kwenye mkeka, kahawa ipo, na mmoja wetu anaaga. Anasema alianza kunywa na nani, wapi, ilikuwaje siku ile. Anasema alichokipenda. Hakuna anayecheka, hakuna anayemkatiza, na hakuna anayeruhusiwa kumshukuru Mungu kwa niaba yake kabla hajamaliza. Kisha anasema alichochukuliwa. Akilia analia. Akimaliza tunampa mkono mmoja mmoja, namna tunavyompa mkono mfiwa, na tunamwambia maneno yaleyale ya kufiwa. Mara ya kwanza niliogopa kwamba kusimulia utamu kutawaamshia wengine hamu. Hamu huamka, ni kweli. Lakini huamka mbele ya watu, mahali ambapo kuna mtu wa kuipokea, na hiyo ni salama kuliko kuamka njiani.

Na ninawapa eda. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10. Najua eda ni ya mwanamke aliyefiwa na mume, ina hukumu zake, na hukumu hizo sizigusi. Ninachokichukua ni muda na adabu yake, kwa sababu kila nyumba ya Pemba inavijua. Ninapoiambia familia kwamba mtu wao yuko katika eda ya tembo, nyumba nzima inaelewa bila mimi kuhubiri. Mtu wa eda hapelekwi harusini kukesha. Haamrishwi kufanya maamuzi makubwa, kuoa, kuacha, kuuza shamba. Haulizwi kila siku mbona umenuna. Anatarajiwa kuwa na huzuni, na huzuni yake ina mwisho unaojulikana na watu wote. Miezi ile 4 inalingana vizuri, kwa ninavyowaona, na kipindi ambacho wengi huanguka. Mama mmoja, baada ya kunisikiliza, alikwenda nyumbani akawakataza wajukuu kumwuliza mwanawe maswali, akamtengea sehemu yake ya kukaa barazani. Hakuhitaji mafunzo zaidi ya hayo.

Wanawake wanaokunywa wapo pia, na msiba wao umefichwa mara mbili. Wengi hawaji kwetu. Ninawajua kupitia mwanamke mwenzao aliyeacha, anayewatembelea nyumbani kwa kisingizio cha kuuza vitambaa, na sitaandika zaidi ya hapo kwa sababu kisiwa ni kidogo.

Udogo huo wa kisiwa ni tabu yetu nyingine. Mwaka 1935, huko Akron, Ohio, Bill Wilson na Dk. Bob Smith walipoanza kile kilichokuja kuitwa Alcoholics Anonymous, waliweka msingi kwamba mtu asitajwe jina. Huo ni msingi mzuri, na hatua zao 12 tunazitumia. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu Pemba watu wasiopita laki tano na nusu, na katika hao ukimwambia mtu unatoka shehia gani na shamba lenu lipo wapi, ameshakujua hadi babu. Kwetu mtu hafichi jina kwa kutolitaja. Tunachoweza kukilinda ni maneno: yaliyosemwa mkekani hayatoki. Nimewahi kumwondoa mtu kwenye kundi kwa kuvunja hilo, na ningemwondoa tena.

Nyumba za soba nazo zina historia yake. Zilianza Zanzibar mwaka 2009, na watu waliozianzisha, akiwemo Suleiman Mauly, walikuwa wametumia heroini wenyewe. Heroini inapita pwani hii na imetuua vijana wengi. Kwa hiyo mnywaji akiingia soba hujikuta baina ya watu wenye simulizi nzito kuliko yake, na huona aibu kuhuzunika. "Mimi si teja," wananiambia, "ni tembo tu." Hapo napingana nao. Aliyekufa ndani ya nyumba yako hapungui kwa sababu jirani amefiwa na wawili.

Wakati mgumu kuliko wote Pemba ni msimu wa karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kisiwani kwetu, na kuanzia Julai hadi mwisho wa mwaka maisha hubadilika. Watu huhamia makambini, wachumaji hulipwa kwa pishi, karafuu huchambuliwa usiku na kuanikwa kwenye majamvi mchana, na zikikauka hupelekwa vituo vya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zikalipwa taslimu. Ghafla kijana ambaye hakuwa na kitu anazo noti mfukoni, yuko mbali na nyumbani, mwili umechoka kwa kupanda tangu alfajiri, na wenzake wa zamani wako kambi hiyohiyo. Hata harufu ya karafuu ikianikwa inamrudisha. Aliyekuwa mzima tangu mfungo mosi huja Septemba akiniambia huzuni imerudi upya, na anaogopa kwamba haijawahi kuondoka. Namwambia ndivyo misiba ilivyo, hurudi mwaka ukizunguka. Aliyefiwa mwezi fulani huujua mwezi huo ukikaribia hata bila kuangalia kalenda.

Basi msimu tunaupangia. Malipo hayapokelewi na mtu peke yake. Anakwenda na mtu wa nyumbani, mara nyingi mama au mke, na fedha zinakwenda njia yake siku ileile. Kambini tunamtafutia mwenzake mmoja asiyekunywa, mmoja tu anatosha. Na ile saa ya alasiri tunaipa kazi ya mikono. Mimi mwenyewe nilifundishwa kusuka dema la kuvulia samaki na mzee wa Wesha baada ya kuacha, na mpaka leo nasuka. Kazi hii inataka vidole na macho, haitaki maneno, na mtu akikaa karibu nawe akashika fito mnaweza kuzungumza bila kuangaliana. Mambo mazito niliyoyasikia nimeyasikia juu ya dema. Wengine wanapendelea bao, wengine wanakwenda pwani kuvuta nyavu, mmoja anafundisha watoto mpira. Jambo si kazi gani inafanywa, ni saa gani inafanywa.

Vitu vidogo navyo vina nguvu. Zamani mkate wa kumimina uliumuliwa kwa tembo, na bado kuna wanawake wanaofanya hivyo kwa sababu ladha yake haifanani na ya hamira. Mwanamume mmoja alishindwa kukaa ndani ya nyumba ya mama yake mzazi siku ya Ijumaa, hakujua kwa nini, mpaka tulipokaa naye tukafuata nyayo mpaka jikoni. Mama alikuwa anaumua unga. Alipoambiwa alihamia kwenye hamira bila kuuliza swali.

Watu huniuliza kama mimi bado naikumbuka pombe. Naikumbuka. Sitamani kulewa, lakini nawakumbuka wale watu chini ya minazi, na wawili kati yao wameshakufa bila mimi kuwaona. Nakumbuka tembo la asubuhi, baridi, lina povu. Nikiyasema haya mbele ya wanaoacha, baadhi ya wasimamizi wenzangu huona nawavunja moyo. Mimi naona anayeambiwa kwamba siku moja hatakumbuka kitu, siku akikumbuka atadhani ameshindwa, na mtu anayedhani ameshindwa tayari hana sababu ya kutokunywa.

Familia nazo zimepoteza kitu, jambo ambalo nimechelewa kulielewa kwa kuwa kazi yangu inaniweka upande wa mnywaji. Mke aliyeishi na mlevi miaka mingi amejenga maisha yake kuzunguka ulevi ule. Anajua kuficha fedha, anajua kusema uongo kwa mkwe, anajua kumvua viatu. Ghafla hana kazi hiyo, na aliyekaa mbele yake ni mtu kimya, mzito, asiyekumbuka hata rangi anayoipenda mwanawe. Wapo wanaoniambia kwa kunong'ona kwamba yule wa zamani alikuwa akicheka. Nawaambia wao pia wana haki ya kumlilia, na kwamba wasimlilie mbele yake.

Mke wa yule kijana wa meli alikuja kuniona Idd ilipokuwa inakaribia. Mumewe alikuwa mwezi wa tatu. Siku zote, sikukuu ya pili, baada ya watoto kupewa mkono wa Idd, ndipo yeye na wenzake walipokuwa wakienda kunywa mpaka usiku, na mke alitaka kujua amzuie vipi. Nikamuuliza ana ndugu wapi. Ana dada Mkoani. Tukakubaliana waende huko sikukuu ya kwanza, walale, na siku ya pili wapande gari ya mchana kurudi Wete wakiwa na watoto wote, ili alasiri iwakute njiani. Magharibi wawe kwa wazazi wa mume, wasome Fatiha kwa ajili ya kaka, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kulifanya yeye akiwa amekaa pamoja nao. Baba mtu ameshakubali. Siku ya tatu kijana atakuja kwangu asubuhi, tuna dema la kumalizia mlango.